Kuondoa na Kuondoka

Picha ndizo zilizotangulia kuondoka. Mutesi aligundua hivyo Jumapili moja ya Februari, mwaka 2016, alipopanda ngazi kwenda kuomba ufunguo wa jiko. Kwenye korido ya juu, ambako wachungaji wa zamani walikuwa wamepangwa ukutani na ndevu zao, palibaki alama za mraba tu, rangi ya ukuta ikiwa mbichi pale fremu zilipokuwa zimening'inia. Jumapili iliyotangulia walikuwapo wote. Alikuwa na hakika, kwa sababu mmoja wao alikuwa na jicho lililomfuata kila alipopita, naye alikuwa na mazoea ya kumsalimia kimoyomoyo ili asimwonee.

Kanisa lenyewe lilikuwa la mawe, katika mtaa wa zamani wa mji wa Saint Paul, lililojengwa na watu waliotoka Uskoti enzi za mababu. Juu walisali wajukuu wa watu hao, wazee watupu, wachache kuliko idadi ya mabenchi. Chini, kwenye besimenti yenye dari fupi na mabomba ya joto yanayogonga kama mtu aliyefungiwa, walisali Wakongo. Mchungaji wa chini alikuwa Thaddée, mume wa Mutesi. Walikuwa wamekaribishwa pale miaka mitatu kabla, nao walikuwa wakiishi kama wapangaji wenye adabu: wanafagia, wanazima taa, hawapigi ngoma mpaka wa juu wamalize.

Mutesi aliufikia mlango wa ofisi ukiwa umeegeshwa. Ndani alisikia sauti ya Bi Elspeth, katibu wa wazee wa juu, mama wa zaidi ya miaka themanini aliyezungumza Kiingereza cha pekee, kigumu, ambacho hata watoto wa Kikongo waliozaliwa hapa walikuwa hawakipati vizuri. Kisha akasikia sauti nyingine iliyomfanya aurudishe mkono aliokuwa tayari kubishia. Ilikuwa ya Onesphore.

Onesphore alikuwa mzee wa kanisa, mkono wa kuume wa Thaddée. Walitoka naye kambi moja ya wakimbizi. Sasa alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mwenye nyumba mpya kule Blaine, na Kiingereza chake cha barabarani kilikuwa chepesi kuliko cha mtu yeyote kanisani. Alikuwa ameaga mapema, akisema anawahi nyumbani.

Mutesi hakuwa mwepesi wa Kiingereza. Alikuwa anacho kile cha kiwandani, cha “haraka” na “zamu” na “glavu.” Lakini jina la mumewe alilisikia. Mara mbili. Na kandokando ya jina hilo Bi Elspeth alikuwa akirudia maneno mawili, taratibu, kama mtu anayemfundisha mwingine: *demit*, na *translation*. Kisha Onesphore akasema kitu ambacho hata asiyejua Kiingereza angekielewa:

“Thaddée asijue. Bado.”

Mutesi alishuka ngazi kwa ncha za vidole. Ufunguo hakuuomba. Siku hiyo watu walikunywa chai ya baridi, na kila aliyeuliza aliambiwa kwamba jiko limeharibika.

Kwenye gari, wakirudi Saint Louis Park walikokaa, alinyamaza mpaka walipoingia barabara kuu. Ndipo akasema, “Baba Merveille, juu wameondoa picha.”

“Labda wanapaka rangi.”

“Nao hawakukwambia?”

“Wataniambiaje? Ukuta ni wao.”

Binti yao Merveille, aliyekaa nyuma, alijibu kwa Kiingereza bila kuinua macho kwenye simu kwamba mama anaona mambo yasiyokuwapo. Thaddée alicheka. Mutesi hakucheka. Mtu aliyehamishwa mara nyingi kama yeye hamcheki anayehesabu dalili. Kule milimani juu ya Uvira, kabla nyumba hazijachomwa, majirani walianza kwa kuchukua vitu vyao vidogo walivyokuwa wameazimisha: kinu leo, jembe kesho, wakitabasamu. Kambini, kabla ya kuhamishiwa kambi nyingine ya mbali zaidi, alama za rangi zilionekana kwanza kwenye miti. Fujo, kwa alivyoijua Mutesi, haiji na kelele. Huja na mtu anayebeba kitu taratibu, huku akikuambia hujambo.

Na neno lile halikumwacha. Alisoma sekondari miaka miwili kwa Kifaransa kabla vita havijafunga shule, na Kifaransa kina neno *démettre*. Redioni walilitumia kila mkubwa alipong'olewa kitini: gavana fulani ameondolewa katika madaraka yake. *Demit*, *démettre*. Neno ni lile lile, limebadilisha kofia tu.

Jumatano alishuka na nguo chafu kwenye chumba cha kufulia cha jengo lao, akamkuta Fadhila. Fadhila alikuwa Mtanzania wa Tanga, Mwislamu, aliyekuja kusoma akabaki, na sasa alifanya kazi katika ofisi ya mawakili mtaa wa pili. Mutesi alimpenda kwa sababu hakuwa wa kanisa. Jambo ukimpa halikuwa na njia ya kufika kwa mama wa kwaya.

“Dada Fadhila, wewe wa mawakili. *Demit* ni nini?”

“Neno gani hilo? Tamka tena.” Fadhila aliandika kwenye simu, akafuta, akaandika tena. “Loo. Hili la kale, Mama Merveille. Wanasema siku hizi halitumiki sana. Haya: maana ya kwanza, kumfukuza mtu, kumwondoa.”

“Nilijua.”

“Ngoja, kuna ya pili. Mtu kuacha cheo kwa hiari yake. Sisi tungesema kung'atuka.”

“Nani ang'atuke? Mume wangu hajasema anang'atuka.”

“Mimi nakusomea kilichoandikwa tu.”

“Na *translation*?”

“Hiyo si tafsiri? Mkalimani, mambo hayo. Labda wanatafuta mtu wa kutafsiri.”

Mutesi alikaa juu ya kikapu cha nguo. Mashine zilikuwa zinazunguka. Basi ni hivyo, alijiambia. Wanataka mchungaji asiyehitaji mkalimani. Thaddée akisimama mbele ya Wazungu hutafuta neno mpaka jasho limtoke. Onesphore huongea nao na kucheka nao. Wanamtoa asiyejua lugha wamweke anayejua. Kila kipande kiliingia mahali pake kama mlango unaofungwa vizuri.

“Kuna nini?” Fadhila aliuliza.

“Hakuna.”

“Basi muulize huyo aliyeyasema. Maneno ya kale ni kama dawa za kale, usinywe kabla hujaambiwa ni ya nini.”

Hakuuliza. Alianza kutazama.

Na anayetazama haishi kuona. Jumapili iliyofuata alimkuta Onesphore katika kijichumba ambacho Thaddée alikitumia kama ofisi, amepiga magoti na futi ya kupimia, akipima meza. Alipomwona, aliifyatua futi ikajikunja yenyewe. “Naangalia tu, Mama Pasta,” alisema, akafuta magoti. Siku nyingine, Mutesi akiwa kwenye basi kutoka kiwandani, aliona gari la Onesphore limeegeshwa nyuma ya kanisa siku ya kazi, buti wazi, yeye na mzee mmoja wa juu wakipakia makasha. Halafu kitasa cha mlango wa mbele kikabadilishwa. Onesphore alikuwa na ufunguo mpya. Thaddée hakuwa nao.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” Mutesi alimwambia mumewe jikoni.

“Na mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka,” Thaddée alimjibu, akiendelea kumenya vitunguu. “Ones amekula kwangu tangu tukiwa na sahani moja.”

“Waliotuchomea walikula kwa baba yangu.”

Thaddée aliweka kisu chini. Alikuwa mtu mpole, ambaye upole wake ulimchosha mkewe kama vile mzigo unavyomchosha abebaye kwa niaba ya mwingine. “Mama Merveille,” alisema, “nikianza kumshuku Ones, nitabaki na nani? Nitakushuku na wewe.”

Kisha Onesphore akaja nyumbani. Alijua saa za Thaddée. Alikuja Thaddée akiwa kazini, naye hakukaa hata alipopewa kiti.

“Dada,” alisema. Alipokuwa na jambo zito alimwita hivyo, kama zamani kambini. “Cheti cha Pasta cha kuwekewa mikono, kile cha Kongo, kipo? Nataka kukiazima siku mbili.”

“Cha nini?”

“Kuna mahali kinatakiwa. Nitakwambia baadaye.”

Mutesi alimtazama usoni. Uso ule aliufahamu kama kiganja chake, na siku hiyo haukutulia. Cheti kilikuwa chumbani, katika sanduku la bluu, kimefungwa ndani ya kitenge. Kilivuka naye mipaka miwili kikiwa kimeshonewa ndani ya sketi yake.

“Kilipotea,” alisema. “Kambini. Maji yaliingia.”

“Pole,” Onesphore alisema, akaondoka, na Mutesi akasikia mlango wa gari ukifungwa kwa nguvu, kama wa mtu aliyekosa alichokuja kuchukua. Alifurahi. Kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi alilala usingizi wa kutosha.

Furaha haikudumu. Mama mmoja wa kwaya alimwambia, katika mazungumzo ya kawaida tu, kwamba Onesphore ameonekana Louisville, kule Kentucky, kwa mzee Jairus. Mzee Jairus ndiye aliyemwekea Thaddée mikono kuwa mchungaji, na Thaddée hakuachana naye vizuri. Waligombana kambini kuhusu jambo la ubatizo, na maneno makali yalisemwa. Kama kuna mtu duniani mwenye neno baya la kumsema Thaddée, ni Jairus. Na Onesphore amekata barabara mpaka kwake, wala hajamwambia mtu.

Jumapili ya mitende, ulipofika wakati wa ushuhuda, Mutesi alisimama.

Hakuwa amepanga. Baadaye aliapa hivyo, na ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba alikuwa amevaa kitenge chake cha heshima na kufunga kilemba kwa uangalifu wa mtu anayejua atatazamwa. Alitembea mpaka mbele. Mabomba yaligonga.

“Bwana asifiwe.”

“Amina!”

“Mimi sina ushuhuda wa uponyaji. Nina swali. Papa Onesphore, simama.”

Onesphore alisimama, na mkewe Vestine kando yake akamtazama Mutesi kwa tabasamu, akidhani ni shukrani.

“Uliniambia unawahi nyumbani, nikakukuta juu na Wazungu. Ulisema Pasta asijue. Nilisikia kwa masikio haya. Maneno waliyokupa ninayo: *demit*, maana yake kumwondoa. *Translation*, maana yake wanataka anayejua kutafsiri. Umepima meza yake. Una ufunguo ambao yeye hana. Umekuja nyumbani kwangu kuomba cheti chake akiwa hayupo. Umekwenda Louisville kuokota matope. Waambie watu hawa. Unamtoa lini?”

Kanisa lilichemka. Wanaume walisimama, mama wa kwaya akaanza kulia. Kijana mmoja aliuliza kwa sauti picha za juu zimepelekwa wapi, kwani naye alikuwa ameliona hilo. Mwingine akasema kitasa, kitasa! Kumbe kila mtu alikuwa na kipande chake mfukoni, akisubiri mtu wa kuanza. Thaddée alikuwa amesimama nyuma ya meza, mikono imening'inia, akisema, “Ndugu, ndugu,” wala hakuna aliyemsikia.

Onesphore alitazama huku na huku. Alifungua mdomo, kisha akamwangalia Thaddée na kuufunga. Alitoa ufunguo mfukoni, akatembea mpaka mezani, akauweka mbele ya mchungaji. Alipompita Mutesi alisema kwa sauti ya chini:

“Maneno uliyasikia. Kuuliza hukuuliza.”

Alimshika Vestine mkono, wakapanda ngazi. Viti walivyoviacha hakuna aliyevikalia siku hiyo, ingawa watu walijaa.

Jumanne alasiri kengele ya mlango ililia. Alikuwa Bi Elspeth, peke yake, na fimbo yake, akihema kwa sababu ya ngazi. Thaddée alimkaribisha kwa Kiingereza chake chote, na kilipoisha alimtuma Merveille amwite Fadhila.

Bi Elspeth alikataa chai. Alikaa wima, koti lake juu ya magoti, akaanza kusema, na Fadhila akaanza kufuata, kisha akakwama.

“Samahani,” Fadhila aliwaambia kwa Kiswahili. “Mama huyu anaongea kama vitabu vya babu yake. Nipeni nafasi nimuulize kila neno.”

Ikawa hivyo. Mama anasema, Fadhila anauliza, mama anaeleza, Fadhila anageuka. Kwanza likaja *demit*. Mchungaji wao wa juu ni mgonjwa, alisema Bi Elspeth, na mwezi wa kwanza aliwaambia wazee kwamba anang'atuka. Katika kanisa lao neno hilo ndilo linalotumika tangu zamani, na maana yake hakuna aliyemwondoa: ni yeye mwenyewe anayetua mzigo.

“Maana ya pili,” Fadhila alisema, bila kumtazama Mutesi.

Kisha likaja *translation*. Hapo Fadhila aliuliza mara mbili, akahakikisha. “Anasema zamani neno hili halikuwa la lugha tu. Lilikuwa la kuhamisha kitu kutoka hapa kukipeleka pale. Kanisani kwao, mchungaji akitolewa usharika mmoja akapewa mwingine, husemwa hivyo. Shemeji Thaddée, walikuwa wanataka kukuhamisha.”

“Kunipeleka wapi?” Thaddée aliuliza.

Bi Elspeth alielewa swali bila mkalimani. Alinyoosha kidole kimoja chenye baridi yabisi na kuelekeza darini.

“Juu,” Fadhila alisema. “Kutoka chini kwenda juu. Wewe uwe mchungaji wa kanisa lote, na jengo liwe la watu wako.”

Bi Elspeth aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imepungua. Walikuwa wamebaki tisa. Hawawezi kulipasha joto jengo lile wala kulijaza. Kwa hiyo wao ndio wanaohama, alisema, na akatumia neno jingine, *flit*, lililomfanya Fadhila acheke kwa mshangao, kwa sababu yeye alilijua kwa kuruka kwa vipepeo tu. Kwa watu wa Bi Elspeth lilikuwa neno la kufunga virago, kuhama nyumba. Picha zimepelekwa kwa wajukuu wa hao wachungaji wenye ndevu, na makasha ya vitu vyao Onesphore alisaidia kuyapakia. Kitasa kilibadilishwa kwa sababu cha zamani kilikuwa kinakwama kwenye barafu, na ufunguo wa kwanza alipewa aliyekuwapo siku hiyo, Onesphore. Meza ilipimwa kuona kama itapita mlango wa ofisi ya juu, maana Onesphore alisema Pasta ameizoea, asipewe nyingine.

“Na kwa nini nisijue?” Thaddée aliuliza.

Bi Elspeth alisema Onesphore ndiye aliyewaomba. Miaka miwili iliyopita Wakongo waliahidiwa jengo moja kule Apple Valley, wakaliweka wakfu mioyoni mwao, kisha wenye jengo wakabadili nia. Kwa pigo hilo Thaddée alilazwa hospitali kwa shinikizo la damu. Na safari hii baraza la makanisa, lenye neno la mwisho, lilikuwa halijapiga kura. Onesphore alisema, kama litakataa, acheni likatae bila yeye kujua kwamba liliombwa.

“Na baraza lilitaka uthibitisho kwamba shemeji aliwekewa mikono kweli,” Fadhila aliendelea. “Walitaka cheti. Onesphore aliwaambia kilipotea kambini. Ndiyo sababu akaendesha mpaka Louisville, kumwomba mzee Jairus atoe ushahidi. Anasema mzee alikataa siku ya kwanza. Onesphore akalala kwenye gari nje ya nyumba yake. Siku ya pili mzee akakubali.”

Thaddée aligeuka polepole. “Cheti hakikupotea,” alisema kwa Kiswahili. “Kiko hapa.”

Mutesi alikuwa anatazama zulia. “Kiko kwenye sanduku la bluu. Aliniomba, nikamdanganya.”

Fadhila hakulitafsiri hilo. Bi Elspeth alikuwa na macho. Alilisoma mwenyewe, akashika kichwa cha fimbo yake kwa mikono miwili na kutazama dirishani kwa heshima, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba na kumkuta mwenye nyumba anavaa.

Baraza lilipiga kura baada ya Pasaka, nalo lilikubali. Jumapili ya kwanza juu, watu walipanda ngazi wakiimba, na wale wazee tisa walikaa benchi la mbele wakifuata wimbo wasioujua kwa kupiga makofi nje ya mdundo. Mwanga uliingia kwa madirisha ya rangi ukaangukia vitenge. Mutesi aliomba nafasi, akasimama mbele tena, na mbele ya watu wale wale akasema aliyoyasema ni uongo, hata yale yaliyokuwa kweli, kwa namna alivyoyaunganisha. Akasema kuhusu cheti. Watu walisema amina, amina ile ndogo ya watu wanaokumbuka kwamba nao walipaza sauti. Onesphore hakuwapo.

Mutesi alimsubiri Jumapili ya pili na ya tatu. Kisha akamwomba Fadhila ampeleke Blaine, maana huko bila gari hufiki.

Vestine alifungua mlango. Alimkaribisha, akampa kiti na soda, lakini hakumkumbatia, na kwa watu wao huo ni ujumbe mrefu. Onesphore alikuwa gereji, amelala chini ya gari dogo la mkewe. Alitoka akijifuta mikono kwa kitambaa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Nimekuja kuomba msamaha,” Mutesi alisema. Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

“Inuka, dada. Nilishakusamehe kabla hujafika.”

“Basi rudi.”

Alikunja kitambaa, akakifungua tena. “Unakumbuka kambini, wale vijana waliposema mimi ndiye ninayewapa askari majina ya watu? Walinivunja mbavu. Wakanifuata mpaka kwako. Wewe ulisimama mlangoni, na mimba ya Merveille, ukawaambia, huyu namfahamu. Hukusema si yeye. Hukuwa na ushahidi. Ulisema namfahamu, wakaondoka.”

“Nakumbuka.”

“Miaka yote hii, nikiwa njiani peke yangu, Nebraska, Wyoming, usingizi unanivuta, nilikuwa nikilikumbuka neno hilo. Kuna mtu mmoja duniani anayenifahamu. Sasa sijui niwaze nini.” Hakusema kwa hasira. “Nitasali huku karibu, na Vestine na watoto. Pasta nitampigia simu. Lakini kukaa mle ndani, niinue macho nikuone unanitazama, nijiulize leo ameona nini kwangu? Siwezi. Bado.”

Aliposema bado, Mutesi alishtuka. Ndilo neno alilolisikia mlangoni.

Njiani kurudi Fadhila aliwasha redio, akaizima.

Mwezi wa Novemba boila ya kanisa, mtambo wa kupasha joto, ilikufa siku ya theluji ya kwanza. Thaddée alipiga simu kwa mafundi, wote wakasema wiki ijayo. Ndipo akampigia Onesphore, ambaye hakuna chuma kilichowahi kumshinda. Alikuja. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akashuka moja kwa moja besimenti, kwenye chumba cha boila, na huko alishinda na spana zake, bila kupanda juu.

Mutesi alikuwa jikoni, akipika kwa ajili ya kikao cha akina mama. Alimsikia akigonga mabomba. Alipakua fufu, ugali wao wa muhogo, na sombe ya majani ya muhogo kwenye sahani, na kipande cha samaki, akafunika, akashuka. Alisimama mlangoni mpaka Onesphore alipogeuka.

“Nimekuletea chakula, ndugu yangu.”

Onesphore alitazama sahani. Kisha akatazama nyuma ya Mutesi, kwenye ngazi, kama mtu anayetafuta ni nani mwingine aliyesimama pale.

“Umetumwa na nani?” aliuliza.

“Sikutumwa. Nimekuja mwenyewe.”

Onesphore alimwangalia kwa macho ambayo Mutesi hakuwahi kuyaona kwake, lakini aliyajua. Yalikuwa yakimtazama kila asubuhi kutoka kwenye kioo cha bafuni. Mutesi alitaka kusema jambo, akaona lolote atakalosema litapimwa. Basi akaiweka sahani juu ya kasha la vifaa, akarudi nyuma hatua chache, akangoja.

Onesphore alivua glavu. Alifunua sahani, akainama kidogo, akanusa. Kisha akanawa mikono kwenye bomba, akaketi, akamega tonge la kwanza.